Jua la Ghorofa ya Nane

Waliosema kikulacho ki nguoni mwako
hawakufua nguo za watu miaka kumi na mitatu hapa Pipeline.
Mimi nimefua. Nimepekua kila mshono, kila mfuko,
nimetoa sarafu, risiti, jino la mtoto lililofungwa karatasini.
Kikulacho sikukiona.
Kilikuwa ndani zaidi ya nguo.

Kilianza vidoleni. Asubuhi moja shuka la mama Nduku
lilikataa kukamulika, au mikono ndiyo iliyokataa.
Kisha nywele kwenye mto. Kisha homa
(nikapimwa mara nne, malaria hakuna,
nikapewa dawa ya malaria).
Kisha kipepeo wa rangi ya zambarau akatua puani,
akatandaza mbawa mashavuni, asiruke.
Majirani wakanong'onezana: ni krimu za kujichubua hizo.

Daktari Cherotich alichora nyuma ya bahasha
nyumba, geti, na soja mwenye rungu.
"Huyu umemwandika mwenyewe akulinde.
Siku hizi hamjui mwizi wala mwenye nyumba.
Ukirudi jioni na unga wako na sukuma,
anakupiga wewe."
Lupasi, ndilo jina.
Nikauliza nilimkosea nini huyo soja.
Akafunika kalamu yake.

Halafu ikaja amri: jua, usiliguse.
Kofia pana, mikono mirefu,
krimu ya bei ya nusu ya kodi.
Mimi, ambaye kazi yangu ni jua!

Huku chini, kati ya ploti na ploti,
jua ni mgeni wa saa sita na robo:
huchungulia dirishani, hakai, hata maji haonji.
Lote liko juu, ghorofa ya nane, kwenye kamba,
likinywesha mablanketi, soksi za shule,
kanzu ya Ijumaa ya mzee Abdinoor.
Nguo za watu zimeshiba mwanga.
Ukizianua zinanukia mkate.

Majibu ya damu yakaja: vitamini D, kumi na moja.
Ingefaa ifike thelathini.
Nilicheka hadi karani akageuka.
Hapa? Nairobi, ikweta iko mwendo wa asubuhi moja,
mtu akaukiwe na jua damuni
kama aliyezaliwa pangoni?

Daktari hakucheka.
Ngozi nyeusi huitengeneza polepole, alisema,
na iliyofunikwa karibu haitengenezi.
Hiyo vitamini, tunadhani, humnong'oneza soja sikioni:
tulia, huyo ndiye mwenye nyumba.

"Itaniponya?"

"Sitakudanganya. Kuna waliopima wakaona nafuu,
kuna waliopima wasione kitu.
Lakini dawa zako hizi zinaguguna mifupa,
na mifupa inaihitaji. Meza. Usizidishe.
Zile nyingine usiache hata siku moja."

Basi kila Jumapili usiku
nashika kidonge laini mbele ya balbu:
tone la manjano, linang'aa, linacheza.
Jua la kumezwa gizani
kama mali ya wizi.

Siku hizi anayeanika ni Kerubo, binti yangu.
Nakaa ngazi ya mwisho, kivulini, mlango nusu wazi,
namwelekeza: geuza ndani nje. Bana na kwapa, si bega.
Ananijibu kwa mgongo.
Lakini akianua, taulo la kwanza, lenye moto bado,
hulitupa mapajani mwangu bila neno,
nami huzika vidole humo mpaka lipoe.

Juzi walipima tena: kumi na tisa.
Soja bado ana rungu, viwiko vyangu vinajua.
Ila Jumanne nilikamua shuka zima peke yangu,
shuka la kitanda cha sita kwa sita,
maji yakashuka ngazi baada ya ngazi hadi getini,
keateka akapaza sauti, nani huyo, nani huyo anamwaga maji!

Nikamwitikia kutoka juu.
Ni mimi.